Dawa ya Miezi Sita: Matibabu ya Kifua Kikuu katika Kibera na Kawangware

Kifua kikuu ni ugonjwa unaoponyeka. Neno hili lafaa litangulie mengine yote, kwa sababu wako watu wengi, hata mjini Nairobi, ambao wakisikia jina la ugonjwa huu hudhani kwamba wamekwisha hukumiwa kufa. Dawa zipo, nazo hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya serikali. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2023 watu 1,250,000 hivi walikufa kwa ugonjwa huu duniani pote.

Basi ni haki mtu aulize: ikiwa dawa ipo, na haiuzwi, kwa nini watu wafe? Jibu lake lina sehemu mbili. Wengine huchelewa kwenda hospitali. Wengine huenda, wakapewa dawa, wakapata nafuu, kisha wakaiacha kabla ya siku zake kutimia. Makala haya yaeleza mambo hayo mawili, na jinsi mgonjwa, jamaa zake na watumishi wa hospitali wawezavyo kuyazuia.

UGONJWA UNAVYOENEA

Kifua kikuu huletwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho matupu. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, ndiye aliyekigundua, akawatangazia wataalamu wenzake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Tangu hapo imejulikana kwamba ugonjwa huu si laana, wala si uchawi, wala haurithiwi katika ukoo. Baba na mwana wakiugua wote wawili, sababu ni kwamba walivuta hewa ya chumba kimoja.

Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu akikohoa, akipiga chafya, au hata akiimba, hutoa vijidudu hewani. Katika chumba kilichofungwa vijidudu hivyo huweza kuelea kwa saa nyingi. Palipo na dirisha wazi, upepo huvitawanya, na mwanga wa jua huviua. Ndiyo maana ugonjwa huu hustawi mahali penye watu wengi na hewa kidogo.

Katika Gatwekera, Lindi na Laini Saba huko Kibera, na katika Gatina na Kabiro huko Kawangware, mara nyingi jamaa nzima hulala katika chumba kimoja, chenye dirisha dogo au kisicho na dirisha kabisa, na usiku mlango hufungwa kwa kuogopa wezi. Asubuhi watu hao hao hupanda matatu, na abiria mmoja akifungua dirisha mwenziwe hulifunga kwa ajili ya baridi. Kukaa katika nyumba ndogo si kosa la mtu, lakini yampasa ajue kwamba kikohozi katika nyumba kama hiyo si jambo la kupuuzwa.

Yafaa vilevile kujua njia ambazo ugonjwa hauzipiti. Mtu haambukizwi kwa kupeana mkono, wala kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kunywa katika kikombe chake, wala kwa kutumia choo kimoja naye. Kumtengea mgonjwa kikombe chake pekee na kumlisha pembeni humhuzunisha tu. Hakumkingi mtu yeyote.

Tena, si kila aliyeingiwa na kijidudu huugua. Watu wengi huwa nacho kimelala mwilini maisha yao yote, na katika kila watu 100 walio nacho, 5 hadi 10 tu ndio watakaougua. Walio katika hatari zaidi ni watoto wadogo, wenye virusi vya UKIMWI, wenye ugonjwa wa sukari, wasiopata chakula cha kutosha, na wanywaji na wavutaji wa tumbaku wa kupindukia.

DALILI ZAKE

Dalili kubwa ni kikohozi kisichokoma. Mtu aliyekohoa kwa majuma mawili au zaidi yampasa apimwe, hata kama anajiona ana nguvu za kufanya kazi. Nyingine ni homa hasa wakati wa jioni, jasho jingi la usiku, kukonda, kukosa hamu ya chakula, maumivu ya kifua, na makohozi yenye damu. Asingoje kuona damu. Wagonjwa wengi hawatoi damu kabisa, na anayengojea dalili hiyo huenda akawa ameambukiza watu wa nyumbani mwake kitambo. Kwa mtoto, dalili huwa ni kutoongezeka uzito, uchovu na kutopenda kucheza.

Katika miaka ya 2015 na 2016 Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa katika nchi ili kujua ugonjwa huu umeenea kiasi gani. Ilionekana kwamba katika kila watu wazima 100,000, wapatao 558 walikuwa na kifua kikuu cha mapafu. Wanaume walizidi wanawake. Wengi waliokuwa na dalili hawakuwa wamekwenda mahali popote kutafuta matibabu. Jambo jingine ni kwamba wengi wa wagonjwa waliogunduliwa hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Basi wale wasemao kwamba mwenye kifua kikuu lazima awe na UKIMWI, wamekosea, na maneno yao huwatia watu haya ya kwenda kupimwa.

Desturi iliyozoeleka ni kwenda dukani kununua dawa ya kikohozi. Chupa ya kwanza ikiisha hununuliwa ya pili, na baada yake vidonge vya namna nyingine. Fedha hutoka, majuma hupita, na ugonjwa huzidi. Hakuna dawa ya kikohozi ya dukani iwezayo kuponya kifua kikuu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

MAHALI PA KWENDA

Watu wa Kibera wana Hospitali ya Mbagathi karibu nao. Hospitali hiyo ilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza, kama kifua kikuu, surua, homa ya uti wa mgongo na ukoma. Ilikuwa chini ya Hospitali ya Kenyatta mpaka mwaka 1995, ilipotengwa ikawa hospitali ya wilaya, na sasa huwatibu wagonjwa wa kila namna. Ndani ya Kibera yenyewe kiko Kituo cha Afya cha Kibera South, ambacho shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikikabidhi kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi mwaka 2017, baada ya kufanya kazi mtaani humo kwa miaka mingi. Watu wa Kawangware wana Kituo cha Afya cha Riruta.

Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 tu, ni ya rufani, yaani hupokea wagonjwa waliotumwa na hospitali nyingine kwa sababu ya uzito wa ugonjwa wao. Mwenye kikohozi na aanze katika kituo kilicho karibu na nyumba yake. Atapata huduma upesi zaidi, na kwa kuwa atarudi mara nyingi, nauli yake itakuwa ndogo.

Akifika, aseme waziwazi, "Nimekohoa kwa majuma kadha wa kadha." Atapewa kichupa cha kutia makohozi. Makohozi yanayotakiwa ni yale yatokayo ndani ya kifua, si mate ya kinywani, na yafaa ayatoe mahali pa wazi, mbali na watu. Katika maabara hupimwa kwa darubini au kwa mashine iitwayo GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi huweza kuonyesha kama kijidudu kipo, na kama kimeizoea rifampisini, iliyo dawa kubwa katika matibabu haya. Pengine daktari hutaka picha ya eksirei. Dawa za kifua kikuu hazilipiwi, lakini baadhi ya huduma nyingine huweza kuwa na malipo. Mgonjwa aulize kwanza. Kadhalika kila mgonjwa huombwa apimwe virusi vya UKIMWI, kwa sababu akiwa na magonjwa yote mawili hapana budi yatibiwe yote mawili.

KWA NINI DAWA NYINGI PAMOJA

Katika miezi miwili ya kwanza mgonjwa hupewa dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Katika miezi minne ifuatayo hupewa mbili, rifampisini na isoniazidi. Siku hizi dawa hizo huchanganywa katika kidonge kimoja, na hesabu ya vidonge hufuata uzito wa mgonjwa. Humezwa mara moja kwa siku, kila siku.

Sababu ya kuchanganya dawa ilijulikana zamani. Streptomaisini, iliyo dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya ugonjwa huu, ilipojaribiwa huko Uingereza kuanzia mwaka 1947, wagonjwa wengi walipata nafuu ya ajabu. Lakini baada ya miezi michache wengine walirudiwa na ugonjwa, na dawa ile haikuwafaa tena. Vijidudu vichache vilivyoweza kuistahimili vilibaki vikazaana. Mtu akitumia dawa kadhaa kwa wakati mmoja, kijidudu kilichoishinda moja huuawa na nyingine. Kwa hiyo mgonjwa asichague vidonge avipendavyo na kuviacha vingine, wala asimgawie jirani sehemu ya dawa zake kwa huruma.

KWA NINI MIEZI SITA

Vijidudu vya kifua kikuu havifanani katika mwendo wao. Vilivyo vingi huzaana kwa haraka, na hivyo hufa katika siku na majuma ya kwanza ya matibabu. Hapo homa hushuka, kikohozi hupungua, na mgonjwa huanza kula. Lakini vingine huzaana polepole au hulala kimya, na dawa huviua kidogo kidogo. Hali hii yafanana na jiko la makaa lililofunikwa majivu. Mtu akilitazama kwa juu hudhani limezimika, kumbe chini moto upo, na upepo ukivuma huwaka tena.

Muda wa miezi sita haukuchaguliwa ovyo, na watu wa Afrika ya Mashariki wana sehemu kubwa katika kuujua. Hapo kwanza matibabu yaliyotumika sana katika nchi hizi yalichukua miezi 18, na wagonjwa wengi walichoka kabla ya kumaliza. Kisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio makubwa, yaliyosimamiwa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika ya Mashariki na Uingereza. Habari zake, zilizochapishwa kuanzia mwaka 1972, zilionyesha kwamba dawa zikichanganywa pamoja na rifampisini, miezi sita yatosha, na wanaorudiwa na ugonjwa ni wachache sana. Hivyo mgonjwa wa Kibera anayeona miezi sita kuwa mingi, na ajue kwamba waliomtangulia walivumilia mara tatu yake, na kwamba uvumilivu wao ndio uliompunguzia yeye mzigo.

HATARI YA KUJIONA MZIMA

Chukua mfano wa kibarua wa ujenzi, mkazi wa Kawangware, anayelipwa kwa siku. Akiumwa hawezi kubeba mawe, kwa hiyo huenda kwa Riruta na kuanza dawa. Baada ya miezi miwili kikohozi kimekwisha na nguvu zimerudi. Sasa siku ya kwenda kuchukua dawa ni siku ya kukosa ujira, na nyumbani kodi inadaiwa. Hujiambia, "Mimi nimekwisha pona, mwezi huu nitafanya kazi kwanza."

Mtu huyu si mpumbavu, naye ana sababu. Lakini moto wake bado uko chini ya majivu. Ugonjwa ukimrudia, huenda ukawa wa namna iliyozizoea dawa. Kifua kikuu cha namna hiyo hutibiwa kwa dawa nyingine zenye taabu zaidi. Zamani matibabu yake yalizidi mwaka mmoja na nusu pamoja na sindano za kila siku, na wengine walipoteza uwezo wa kusikia kwa ajili ya sindano hizo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri matibabu ya vidonge kwa miezi sita kwa wengi wa wagonjwa hao, na hii ni faraja kubwa. Lakini bado ni heri kuuzuia. Tena, ugonjwa huo huambukizwa ukiwa vile vile sugu, na mke au mtoto huweza kuupata hata kama hajapata kumeza dawa yoyote maishani mwake.

Njia iliyo bora kwa kibarua huyo ni kumweleza muuguzi habari za kazi yake mapema. Siku za kuchukua dawa huwa karibu karibu hapo mwanzo, na baadaye huachana zaidi. Huweza kupangwa saa ya asubuhi kabla ya kazi. Tena kila mgonjwa hutakiwa kuchagua mtu mmoja wa kumsaidia, awe mke, ndugu au jirani, ambaye humkumbusha kumeza dawa kila siku. Mgonjwa aliyekosa siku moja au mbili asione haya akakimbia kabisa. Na arudi mara moja na kusema kweli.

TAABU ZILETWAZO NA DAWA

Wako wanaoacha dawa kwa hofu. Rifampisini hufanya mkojo, jasho na machozi kuwa na rangi ya machungwa. Hiyo si damu, wala si hatari. Isoniazidi huweza kuleta ganzi na mchomo katika nyayo. Muuguzi ataongeza vitamini ya kuizuia. Kichefuchefu kidogo hutokea mwanzoni.

Lakini macho au ngozi ikiwa ya manjano, au mgonjwa akitapika bila kukoma, au akiona ukungu machoni, au akitokwa na upele mwili mzima, na aende kituoni siku hiyo hiyo, maana hizo ni dalili za madhara. Wakati wa matibabu haifai kunywa pombe, kwa sababu pombe pamoja na dawa hizi huumiza ini. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi amwambie muuguzi, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo.

MGONJWA AKISAFIRI

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware wana nyumba nyingine mashambani, na mtu akiugua hupenda kurudi kwa wazazi wake apate kutunzwa. Hakuna ubaya katika jambo hilo, mradi asiondoke kimya. Na apite kituoni kwanza, apewe barua, kadi yake na dawa za kumtosha njiani. Kituo cha huko nyumbani kitampokea na kuendelea pale alipofika. Msiba ukimlazimu kusafiri usiku, na apige simu kesho yake.

NYUMBANI

Mgonjwa afunike kinywa akikohoa, kwa kitambaa au kwa kiko cha mkono, na ateme makohozi mahali yatakapofukiwa au kuchomwa. Mlango na dirisha viachwe wazi wakati wote wa mchana. Baada ya majuma machache ya kumeza dawa zinazofaa bila kukosa, hatari ya kuambukiza wengine hupungua sana, wala hapana haja ya kumfukuza nyumbani au kazini.

Watu wote wanaokaa naye, watoto kwanza, na wapelekwe kupimwa. Watoto wa chini ya miaka mitano ambao hawajaugua hupewa dawa ya kinga. Chanjo ya BCG, anayodungwa mtoto anapozaliwa, humkinga hasa na aina za kifua kikuu zilizo kali sana, lakini haimkingi na kila aina. Mtoto akiugua, dawa za watoto zipo: mwezi wa Oktoba 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kuzitumia nchini kote dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa watoto, ambazo huyeyuka majini na zina ladha ya matunda. Mama hana tena taabu ya kukatakata vidonge vya watu wazima kwa kisu.

KWA WATUMISHI WA HOSPITALI

Watumishi wa hospitali wako katika hatari kuliko watu wengi, na kazi yao yategemea mambo madogo ya kila siku. Madirisha ya ukumbi wa kungojea yafunguliwe asubuhi kabla wagonjwa hawajaketi. Anayekohoa asiachwe katika foleni saa tatu pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Apewe barakoa, akae mahali penye hewa, naye ahudumiwe kwanza. Mtumishi mwenyewe avae barakoa inayobana vizuri, na akikohoa kwa majuma mawili apimwe kama mtu mwingine yeyote.

Jambo la pili ni maneno. Jina la ugonjwa lisitajwe kwa sauti kuu mlangoni, maana katika mtaa uliobanana habari husambaa kabla mgonjwa hajafika kwake. Mgonjwa aliyekosa siku yake asikaripiwe. Anayekaripiwa leo, kesho haonekani.

Mwezi wa Agosti 2010, huko Kapsabet, wagonjwa wawili walioacha dawa walipelekwa gerezani kwa amri ya mahakama, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Mwezi wa Machi 2016 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu ni kuvunja katiba. Nayo akili yakubaliana na sheria: gereza lenye watu wengi na hewa kidogo ndilo mahali ambapo kifua kikuu huenea, na mtu aogopaye kufungwa hatajionyesha hospitalini. Afadhali simu moja ya upole, au mhudumu wa afya wa mtaa apelekwe kumtembelea na kumuuliza kilichomzuia. Mara nyingi ataambiwa ni nauli, au njaa, au kazi, na mambo hayo huweza kufikiriwa pamoja.

Basi mwenye kukohoa na aende kupimwa juma hili. Aliyekwisha anza dawa na ahesabu siku zake hata zitimie, na mwisho apimwe tena ili aambiwe na daktari mwenyewe kwamba amepona. Jamaa na majirani wamsaidie kuhesabu.